Isotopu Nyepesi

Mwalimu wa kemia alikuwa na mfano mmoja wa isotopu, na kila mwaka wanafunzi walivunjika mbavu kwa kucheka.

"Ni atomi za elementi moja. Protoni ni sawa, ila moja ina nyutroni zaidi, kwa hiyo ni nzito." Hapo alijipapasa kitambi. "Kama mimi na pacha wangu, yule fundi cherehani. Tumbo moja, sura moja. Mimi ndiyo ile nzito, yeye ile nyepesi."

Mjuzi wetu hakutaja kwamba kilichomkondesha pacha wake ni maradhi.

Siku moja fundi akaja mwenyewe shuleni, akitembea polepole, kumletea koti alilomshonea. Wanafunzi wakajazana madirishani.

"Isotopu nyepesi!"

Mwalimu alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Wananiitaje, kaka?"

"Wanakusalimu tu. Ni maneno ya kemia."

Fundi akatabasamu, akawapungia mkono. Kisha akamvalisha ndugu yake koti. Likamkaa sawasawa, hata kitambini.

"Mbona hukunipima?" mwalimu akauliza.

"Ya nini? Nimetumia vipimo vyangu vya zamani."