Mistari Arobaini ya Basi

Mkaguzi wa programu aliyeteuliwa na mahakama ya Taipei hasomi kwenye kioo cha kompyuta. Huchapisha kila kitu, kisha huteremka na kidole mstari kwa mstari, midomo ikimchezacheza, chai ikipoa pembeni. Wakili Kuo Yi-ting alikuwa akitetea kampuni iliyoshtakiwa kwa kunakili mistari arobaini ya programu inayokisia basi litafika saa ngapi. Siku tatu yeye na wakili wa upande wa pili walikaa mbele ya mama huyo mkaguzi wasisikie ila "mh." Siku ya nne kidole kikasimama. Akavua miwani, akacheka mpaka akashika meza.

"Mheshimiwa, nani kamwibia mwenzake?" Kuo akauliza, roho juu.

"Wote wawili mmeniibia mimi! Niliiandika nikiwa mwanafunzi, nikaitoa bure. Sharti lilikuwa moja tu, jina langu libaki, nanyi mmelifuta. Hata neno nililokosea herufi mmelibeba hivyohivyo!"

Palepale akamwandikia jaji kujitoa kwenye ukaguzi, na mawakili wakaahidi jina litarudi. Mkaguzi alishapiga simu nyumbani kwao, mji wa Tainan.

"Mama! Ile kazi uliyosema itaniharibu macho, mji mzima unasubiria basi kwayo!"