Mfano wa Furaha

Harufu ya kalamu ya wino mzito hunirudisha jikoni kwetu, ghorofa ya kumi na moja, mtaa wa Jane na Finch, Toronto, majira ya baridi mama alipofariki. Baba tulikuwa tumemzika kwenye kambi ya wakimbizi kabla ya kuja Kanada. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Niliacha shule, nikaenda kufunga mikate kiwandani Brampton ili mdogo wangu Furaha aendelee kusoma.

Kwetu wazee ndio huanua tanga. Watu hukaa, hula, husimuliwa jinsi marehemu alivyoondoka, ndipo hutawanyika. Toronto wazee wa kanisani walibanwa na zamu zao, wakachelewa. Basi mimi mkubwa nikafagia sebule, nikafunga nguo za mama kwenye mfuko, nikamtangazia Furaha kwamba tanga limeanuliwa, kulia basi. Nilijiona mtu mzima kweli.

Wiki ile alikuwa na mtihani wa Kihispania. Aliandika maneno kwenye vikadi kwa kalamu ya wino mzito, nami nikawa naviinua huku nasonga ugali.

"Subsiguiente," nilisoma.

"Dada, mbona kama unapiga chafya!"

Tulicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Akanieleza kwamba ni neno rasmi, la barua na vitabu, la kitu kinachofuata baada ya kingine. Barabarani watu husema siguiente tu, yatosha.

"Haya, mfano?"

Alitazama sufuria. "La muerte de mi madre y los días subsiguientes. Kifo cha mama yangu na siku zilizofuata."

"Tafuta mwingine."

"Lakini ticha kasema tutumie mambo yetu wenyewe."

"Furaha! Nimesema mwingine."

Akaandika habari za mvua na mafuriko. Alipata alama nzuri, nikajisifu kwa majirani.

Siku mama anakata roho, mimi nilikuwa kiwandani napanga mikate. Furaha alikuwa peke yake kando ya kitanda. Hilo nililijua siku zote. Nilichochelewa kuelewa ni kwamba masimulizi ya tanga alikuwa nayo yeye, na msikilizaji aliyebaki nilikuwa mimi, nikamfunga mdomo.

Mwaka jana, nyumbani kwake Markham, nilimwomba anisimulie. Hakugeuka, aliendelea kuosha vikombe. Akanijibu kwa Kiingereza, kwa upole anaotumia na wateja wake, kwamba amesahau.