Mringaringa wa Kinyozi

Kinyozi wetu wa pale kona hakuwa mtu wa makuu, ila nywele timutimu hakuzivumilia, ziwe za mtu au za mti. Mkewe alipanda mringaringa mbele ya baraza, kwa mbegu aliyoiokota uani kwa marehemu mama yake kabla nyumba haijauzwa. Ndicho kitu pekee cha kwao alichobaki nacho. Mti ulipokua, kila Jumapili kinyozi alipanda ngazi na mkasi mkubwa, akaukata ukawa duara safi, huku akipiga mluzi. Mpita njia aliyeusifu alichelewa aendako, maana ilibidi asimuliwe.

Miaka ikaenda, mti haukutoa ua hata moja. Mke alipokumbuka maua meupe yalivyofunika uwanja wa kwao, kinyozi roho ilimuuma. Alimpenda mno mkewe, hilo halina mjadala. Basi siku moja akarudi na msumeno wa kuazima, na mche wa waridi kwenye kopo.

"Mke wangu, huu umegoma. Tuukate, nimekuletea unaochanua."

Mke akaacha mboga alizokuwa akichambua, akaenda kushika shina.

"Haujagoma, mume wangu. Maua yake hutokea nchani mwa matawi. Na wewe nchani ndiko unakonyoa."

Kinyozi akakaa kwenye ngazi. "Umejua tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Na ukanyamaza?"

"Jumapili ungeshinda wapi? Halafu napenda kukusikia ukipiga mluzi."

Msumeno ukarudi kwa mwenyewe. Mkasi ukafungiwa kabatini na ufunguo akapewa mke, kwa sababu kinyozi alijijua. Mti ukaota ovyo. Wateja wakamtania, "Bwana kinyozi, huyo wa nje zamu yake haifiki?" Akageuza kiti cha kunyolea ili asiuone.

Mvua zilipokatika, asubuhi moja alitoka kufagia akakuta uwanja wote mweupe. Mkewe alikuwa chini ya mti, maua yamemjaa kwenye kitambaa cha kichwa, analia huku anacheka. Kinyozi, mtu ambaye hajawahi kuacha unywele sakafuni, akauegemeza ufagio ukutani. Akavua viatu, akapita pembeni asiyakanyage, akasimama karibu naye na kuanza kupiga mluzi.