Chakula cha Kambi ya Kwanza

Mama yangu hupima safari kwa kambi. Alitoka Shinyanga hadi Kakese kwa miguu, nyuma ya ng'ombe, mimi nikiwa mgongoni, na mpaka leo ukimtajia kilomita anakuona huna la kusema.

Kwa hiyo nilipotoka Dar kwenda kumchukua, nikamwambia ndege ni saa mbili na kidogo tu, alinicheka. Mwanangu alikuwa na miaka minne na Mama hajawahi kumshika. Alimjua kwa simu tu. Nyonga yake haiwezi tena basi la kutwa kucha, na mimi, kila mwaka akiniomba nimpelekee mtoto, nilikuwa na jibu lilelile: "Dar mbali, Mayu." Safari hii nilikata tiketi kabla hajakubali, maana ningemngoja ningezeeka.

Alikubali, ila kwa masharti yake. Alfajiri alichoma kuku wawili, akachemsha viazi vitamu, akafunga na michembe, vile viazi vyetu vya kukausha, ya kutosha siku tatu. Nikamwambia hatutaona njaa.

"Nyie wa mjini mtakufa njiani kwa aibu," akasema, na kikapu kikaingia naye ndegeni pale Mpanda.

Tulipopaa alinibana mkono mpaka ukafa ganzi. Kisha akachungulia dirishani, akaona pori tulilolivuka kwa miguu likipita chini yake, akaanza kucheka peke yake. Harufu ya kuku ilishaenea. Jirani yetu, baba mmoja mwenye tai, alimeza mate waziwazi.

"Vumilia, ng'wanangu," Mama akamfariji. "Hatuli kabla ya kambi ya kwanza. Ukianza na kula, safari inakuwa ndefu."

Ndivyo walivyosafiri na ng'ombe: kwanza mwendo, chakula baadaye. Ningeweza kumwambia hakuna kambi, lakini nilikuwa na raha mno ya kumwona amekaa pale, kanga mpya, mikono juu ya kikapu.

Mara tukaambiwa tufunge mikanda.

"Ndiyo kambi?" akauliza.

"Ndiyo Dar, Mayu. Tumefika."

Akafunua kikapu upesi na kugawa mapaja kushoto na kulia huku ndege ikiinama, na baba wa tai akapokea kwa mikono miwili.

Nje ya uwanja walikuwa wamesimama mke wangu na mtoto. Mama akapiga goti, nyonga na yote, akamvuta mjukuu wake kifuani, akamnusa shingoni, machozi yakimtoka. Nilijaa furaha mpaka nikataka kuwaita wapita njia waje waone. Ndipo akainua uso kwangu.

"Miaka minne nawaambia watu wa Kakese mnakaa mbali," akasema. "Kumbe mko hapa hapa."