Vichupa Nyuma ya Soda

Mama yangu aliponywa sukari baada ya mfungo wa siku tatu. Mimi ndiye niliyempima. Kipimo kilisoma vizuri kuliko siku zote, na kwa ujuaji wangu sikujiuliza mtu ambaye hajala siku tatu sukari yake ingepandia wapi. Jumapili nikamsukuma mbele ya kanisa atoe ushuhuda. Watu wakashangilia, na mimi, mlevi wa kutupwa, nikaapa palepale kwamba sitagusa pombe tena. Mungu aliyemponya mama angeshindwaje na mimi?

Kwetu ushuhuda ukishatoka haurudi. Aliyeponywa akikutwa na dawa anahesabiwa ameukana muujiza, na akina mama wa maombi walikuwa wakija nyumbani kwetu Mchafukoge kila wiki, wanaingia hadi jikoni. Basi nikaitoa insulini kwenye friji na kuitupa kwa mikono yangu. Nikikumbuka furaha niliyokuwa nayo siku ile, naona aibu.

Miezi ikapita, mama akanawiri, nami nikatamba mtaa mzima. Alikuwa na jambo moja tu jipya: kila asubuhi na jioni alishuka duka la chini ya ghorofa yetu, kwa mzee mmoja Mwarabu, kununua mkate. Watu wawili, mkate mara mbili kwa siku, na sikushtuka.

Siku moja mama akiwa Kariakoo kwenye vitenge vyake, nilishuka kununua maji. Nilipofungua friji ya duka, nyuma ya soda nikaona kopo la siagi lenye vichupa vya insulini na karatasi ya kliniki yenye jina lake.

"Shikamoo mzee. Hivi si vya mama?"

"Marahaba. Ni vyake. Anachomea sindano ndani, kwa mke wangu." Akasita. "Kaniomba nisikwambie. Anasema umeacha pombe kwa sababu yeye kapona. Ukijua hajapona, utarudi kilabuni."

Nilimkasirikia yule mzee kwanza, kwa kuijua siri ya nyumba yetu kabla yangu. Kisha hasira ikanigeukia. Mungu alikuwa akimtunza mama siku zote hizo, ila nilikuwa nimeshampangia mlango wa kupitia, na dukani kwa Mwislamu sikutazama.

Nikavipandisha vichupa nyumbani. Jioni mama alifungua friji yetu, akavikuta, akaufunga mlango taratibu.

"Kesho akina mama wa maombi wanakuja," akasema.

"Waje."

"Na wewe? Utarudi kunywa?"

Kiapo kilishafika mdomoni, kama kile cha kanisani. Nikakimeza.

"Sijui, mama. Choma sindano kwanza, halafu tuombe."

Akachoma mbele yangu, kisha tukapiga magoti. Aliomba kwa muda mrefu, akanitaja mimi mwanzo hadi mwisho. Sukari hakuigusia kabisa.