Mzee Lebo Apeleka Simu Chumba cha Uani

Fundi umeme huyu alistaafu zamani, ila kazi haikukubali kumwacha. Mtaani wanamwita Mzee Lebo, na kwa jina hilo hakuonewa. Kila swichi nyumbani kwake imebandikwa karatasi: Taa ya Nje, Feni, Friji. Hata kopo la sukari limeandikwa Sukari. Enzi zake aliwafokea wanagenzi wake kwamba nyaya mbili zikiitwa jina moja, kuna mtu atashika asipopaswa kushika.

Sasa binti yake ni muuguzi nchi ya mbali. Hupiga simu ya video anapopata upenyo kazini, na upenyo wenyewe mfupi. Mzee hupokea sebuleni, kisha hukaza mwendo kumpelekea mama yake mwenyewe, bibi wa binti huyo, ambaye miguu imemgomea na hatoki chumba cha uani. Lakini waifai ilikuwa ikiishia jikoni. Kuita mtu? Fundi mzima! Akavuta nyaya mwenyewe, akafunga viboksi vya kurushia mtandao, kimoja sebuleni, kimoja jikoni, kimoja mlangoni kwa mama. Nyaya zimenyooka utadhani zimepigwa pasi. Kisha akavipa majina kama alivyozoea: Sebule, Jiko, Bibi. Kila kimoja na nywila yake.

Simu ikaja, Mzee akachomoka nayo. Kupita jikoni tu, sura ya binti ikaganda mdomo wazi. Simu iling'ang'ania Sebule, na ilipokubali kuhamia Jiko, mazungumzo yalishakatika. Kumpigia tena, binti karudi wodini. Ikawa hivyo kila mara.

"Mjukuu wangu hanitaki," bibi akasema. "Akisikia analetwa kwangu, anakata."

"Si yeye, mama. Ni mtandao."

"Mtandao gani huo, na wewe unaongea vizuri, ukiletwa kwangu unazirai?"

Bibi alicheka, lakini akageukia ukutani. Mzee Lebo akaumia. Kukosolewa kazi amezoea. Mama yake kudhani ametupwa, hilo lilimshinda.

Akapanda ngazi jikoni kukichokonoa kiboksi. Mkewe alikuwa anamenya viazi.

"Baba watoto, mimi nikitoka sebuleni nikaingia hapa, nabadilika jina?"

"Hapana."

"Unaniuliza paswedi?"

"Nitathubutu?"

"Sasa mbona simu ya watu unaihoji kila mlango kama askari?"

Mzee akanuna huko huko juu, bisibisi mkononi. Alinuna kwa sababu mama watoto alikuwa amepatia. Akashuka, akafuta majina yote matatu, akaviita vyote Nyumbani, nywila moja. Akawasha mpangilio wa kuvifanya vikabidhiane simu mtu anapotembea, akapunguza nguvu ya kile cha sebuleni ili kiache uchoyo. Vitu vitatu, jina moja! Wanagenzi wake wangemwona wangemcheka hadi wakae chini.

Binti alipopiga tena, Mzee hakukimbia. Alitembea kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi wa moto. Jikoni mkewe alisimamisha kisu hewani. Sura ikacheza kidogo, ikatulia, binti akaendelea kusimulia habari za zamu yake, na walipovuka mlango wa uani alikuwa bado anasimulia.

"Bibi!"

Bibi akaitazama simu kwa mashaka. "Leo unakata saa ngapi?"

"Mimi? Bibi, si wewe unayekataa kuniona? Kila baba akisema anakuletea simu, inakatika. Nikajua bado una hasira na mimi kwa kuondoka."

Bibi alipitisha kidole gumba kwenye kioo, pale penye shavu la mjukuu wake.

"Hasira ziliisha siku ile ile ulipofunga geti," akasema. "Nilikosa pa kukuambia."

Huko mbali binti akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Mzee Lebo, macho yakimchonyota, akanyoosha mkono. "Mama, na mimi nimsalimie kidogo."

"Wewe umekuwa naye sebuleni siku zote hizi. Toka, na ufunge mlango."