Madaftari ya Ndalahwa

Marehemu mume wangu Ndalahwa alikuwa fundi wa mashine kwenye kinu cha pamba, Misungwi. Mimi Justa niliishia darasa la nne, lakini msomaji wake wa kwanza nilikuwa mimi, na hilo hakuna wa kuninyang'anya.

Alianza kuandika mwaka wa Uhuru. Aliandika juu ya chombo cha chuma kilichoruka kutoka Nansio na Wakerewe tisa hadi nyota ya alfajiri. Aliandika juu ya watu wa Mwanza wakisemezana na watu wa Bukoba kwa kisanduku cha mfukoni, bila waya, wakati kijijini kwetu hata redio haipo! Wachapishaji wakamrudishia: "Andika habari za kilimo." Basi akaongeza shamba la pamba huko huko nyotani.

Alifariki mwaka 1993, akaacha madaftari kumi na manane. Siku ya tatu ya matanga, shemeji yangu Machibya akayabeba kuelekea motoni.

"Haya ndiyo yaliyomvuruga kaka yangu. Yateketee."

Kwetu mjane hamjibu shemeji mbele ya waombolezaji. Nilibaki mkekani.

Ndipo akaruka Moza, muuza vitenge wa Mkolani. Yeye Mzaramo, sisi Wasukuma, kwa hiyo ni mtani wetu. Tangu asubuhi alikuwa amevaa koti la marehemu, anamwigiza alivyotembea akitazama juu. Akayapora madaftari, akayakalia.

"Nimeteka! Msukuma amekufa bila kuniaga, halafu nyie mnataka kuota moto kwa akili zake?"

"Mama, toa hayo," Machibya akamwambia.

"Njoo uninyanyue, kama una ubavu!"

Watu wakaangua kicheko. Mtani akiteka kitu msibani hanyang'anywi, kitu hukombolewa kwa pesa. Machibya akatoa noti. Moza akamtupia noti yake.

"Nisomeeni. Yakinichosha, chomeni."

Binti yangu Hellen akasoma. Daftari la kwanza likaisha, watu wakadai la pili. Jioni Machibya mwenyewe akauliza, "Sasa hao Wakerewe walirudi?"

Matanga yetu yaliongezeka siku nne.

Siku hizi biashara ni huria, mitambo ya watu binafsi ya kuchapa imefika mjini. Mwaka jana Hellen alichapisha daftari la kwanza, kitabu chembamba chenye jalada la kijani. Nakala ya kwanza nilimpelekea Moza kwa mikono miwili.

Akaigeuzageuza. "Nzuri. Lakini koti silirudishi."

Nikamwambia alivae mpaka lichanike.